Bunduki za Kale za Bwana Pelham

"Nyati, hapa Mlima. Lori linaondoka Isiolo saa sita kwenda Kulamawe. Lisiondoke. Ova."

"Nyati amesikia."

Kaimenyi akazima redio ya Land Rover. Ilikuwa 1966, vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, vimepamba moto, kila barabara ya kaskazini ina kizuizi. Mtu mmoja tu alipita bila kupekuliwa: Bwana Pelham, Mzungu aliyedai anakusanya bunduki za kale kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya. Jasusi Kaimenyi alitumwa kwake akijifanya fundi wa kuzithibitisha.

Walikutana kwenye stoo ya Warfa, mfanyabiashara wa hapo mjini. Pelham alivaa kaptura ya pasi kali. Hakusalimu. Alielekeza fimbo kwenye sanduku, akamwambia fundi aharakishe.

Bunduki ya juu ilikuwa Martini-Henry. Halisi, na kutu yake ya miaka mingi.

Ya pili, Lee-Enfield. Mbao yake ilinuka majani ya chai na moshi. Kaimenyi akatoa lenzi, akakagua mhuri: taji, herufi V.R., mwaka 1903. Kingo za herufi bado ziling'aa.

"Huyu ni Malkia Victoria?"

"Bila shaka."

"Alikufa 1901. Hata kughushi kumekushinda."

Kaimenyi akamgeukia Warfa aliyesimama mlangoni. Akamweleza kwamba chini ya masizi hayo ni bunduki za juzi, na genge la shifta lilikuwa linazisubiri ili livamie Kinna.

Warfa akamtazama Pelham.

"Dada yangu anakaa Kinna," alisema polepole. "Huyu aliniambia ni vyuma vya maonyesho."

Akatoka, akachomoa ufunguo wa lori lake lililosubiri nje, akarudi na kuuweka mkononi mwa Kaimenyi.

Pelham akapeleka mkono kwenye bastola yake ya Webley. Mkoba wa bastola ulikuwa na kifungo. Alihangaika nacho kama mtoto anayejifunza kuvaa shati.

Kaimenyi alimsubiri.

Kifungo kilipofunguka, mdomo wa bastola ya Kaimenyi, Walther PPK, ulikuwa umeshagusa pua ya Mzungu.

"Nina marafiki Nairobi," Pelham akasema.

"Watakuja kukuona jela."

Polisi waliokuwa wamejificha nje walipomtia pingu na kumketisha vumbini, Kaimenyi alirudi kwenye redio.

"Mlima, hapa Nyati. Mzigo wote tunao."

"Na mkusanyaji?"

"Hakukusanya kitu. Ova."

Akafunga kifungo cha koti, akavuka barabara kutafuta chai ya maziwa ya ngamia.