Nani Aliyemwambia Mama Cyrus?

Kila Jumapili baada ya ibada, Wakenya wa kanisa moja huko Coon Rapids, ughaibuni, hushuka ukumbi wa chini kunywa chai ya maziwa. Velma, msichana wa miaka kumi na miwili, aliipenda sana saa hiyo. Lakini Jumapili moja Mama Cyrus, mpishi wa chai, alimvuta kando na kumnong'oneza, "Tunakuombea, mami. Mtoto mzuri kama wewe hafai kujificha chooni akila."

Velma aliliweka andazi lake mezani. Tangu wanafunzi wenzake wazibe pua na kuzicheka ndengu alizobeba kutoka nyumbani, alikuwa akijifungia chooni shuleni na kula haraka haraka. Siri hiyo aliwaambia watu wawili tu: mama yake, na rafiki yake Fiona, ambaye mama yake husali kanisani humo, na ambaye shuleni hula chakula cha mchana zamu nyingine. Velma hakumshuku mama yake hata kidogo. Mama alikuwa muuguzi, na wauguzi hawatoi siri za watu.

"Ni Fiona," alijiambia. "Mdomo wake haujui kufungwa."

Jumatatu, ndani ya basi la shule, alikaa mbali naye.

"Nimekukosea nini?" Fiona aliuliza.

"Jiulize mwenyewe."

Kuanzia hapo alimchunguza kama askari. Fiona akicheka, Velma aliona anachekwa yeye. Akishika simu, aliona anaandika habari zake. Shule nzima Velma hakuwa na rafiki mwingine, na upweke ulimuuma sana, ingawa hakukubali.

Alhamisi akamtegea mtego. "Usimwambie mtu," alimwambia Fiona. "Nimefukuzwa kwenye timu ya mpira wa kikapu." Ulikuwa uongo mtupu. Jioni hiyo, Mama alipomuuliza siku ilikuwaje, Velma aliangua kilio na kusema anataka kurudi Nakuru kwa nyanya yake.

Jumapili iliyofuata aliingia ukumbini akiwa ametega masikio. Hakuna aliyetaja mpira. Ila Auntie Bernardine, mwenzake Mama Cyrus wa kupika chai, alimpapasa bega. "Nakuru haiendi popote, mami. Vumilia shule kwanza."

Habari za Nakuru Velma alimwambia mtu mmoja tu.

Garini hakufunga mkanda. "Mama, ni wewe!"

Mama alimwonyesha simu yake, kikundi cha maombi cha kina mama thelathini na wawili. Ujumbe ulianza, "Dada zangu, tumwombee Velma wangu..."

"Sikuwa nakusengenya. Niliogopa, mami. Sikujua nikusaidie vipi."

"Ungeomba bila kutaja choo!"

Mama alikaribia kucheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Ni kweli. Kazini siwezi kutaja jina la mgonjwa, lakini la mtoto wangu nimelitangaza. Nimekosa. Nisamehe."

Velma hakuwahi kuombwa radhi na mtu mzima. Hasira zilimpungua, ndipo akamkumbuka Fiona. "Nimemwonea Fiona. Mpigie mama yake umweleze."

"Nitakupeleka kwao. Lakini utasema wewe, mimi nitakungoja garini."

Fiona alifungua mlango akiwa amekunja mikono. Velma alieleza yote, hata mtego.

"Yaani ilikuwa uongo?" Fiona alifoka. "Nimekaa na siri yako siku tatu, tumbo linaniuma kwa kukuhurumia!" Alinuna kidogo, kisha akamvuta ndani wakapige soga.

Velma aliporudi garini Mama alisema, "Ukimshuku mtu, muulize kabla hujamhukumu. Na mimi nimepata somo langu. Mtoto akiniletea machozi yake, hajanipa niyagawe. Sasa, kuhusu chakula, nipige simu shuleni ama ungependa kujaribu mwenyewe kwanza?"

"Nijaribu kwanza. Nikishindwa nitakuambia."

Jumatatu Velma alikaa mwisho wa meza ya chakula shuleni. Msichana mmoja aliziba pua. Velma alimtazama, akaendelea kula ndengu zake mpaka zikaisha.

Jioni alipomsimulia Mama, Mama aliruka kwa furaha na kunyakua simu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kile kikundi cha maombi. Akasita.

"Niwaambie kina mama?"

"Hapana, Mama."

Mama aliitia simu kwenye droo ya vijiko, akavuta kiti. "Basi niambie mimi tu. Anza mwanzo."