Kapteni Hakushuka Kwenye Lori

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenyeji wa Misigiri huku Iramba. Nakaa kwenye nyumba ya marehemu mama yangu, bila mume. Kwa hilo la mume msinihurumie... nilimwacha mwenyewe. Ninayemlilia ni mama.

Mume wangu nitamwita Kapteni, maana ndivyo alivyoitwa kutoka Shelui hadi Singida mjini. Alichezea timu ya kampuni moja ya kununua ngozi na karanga pale Shelui. Kazini aliandikwa mtu wa mizani, lakini mizani yenyewe hakuigusa! Alilipwa acheze mpira, basi. Nami nilijiona nimepata. Kisimani wanawake walinipisha, nikazidi kujivuta.

Msimu mmoja daktari wa serikali, Mwingereza, alikuja na jambo jipya. Alisema wanawake wetu wanakufa kwa saratani ya titi kwa sababu wanaficha uvimbe mpaka unakuwa donda. Wakapatana na wakubwa wa ligi kwamba kila mchezaji afunge kitambaa cheupe mkononi, na wakati wa mapumziko watu waelezwe habari za ugonjwa huo. Viingilio vingekodi lori la kupeleka wagonjwa hospitali ya Singida. Lori likawa ndilo hilohilo la wachezaji. Wagonjwa walikaa mbele, wachezaji nyuma.

Na aliyechaguliwa kuwaeleza watu alikuwa nani? Kapteni! Alipanda juu ya meza katikati ya uwanja, bomba la bati la kukuzia sauti mdomoni, akasema, "Mama zangu, uvimbe hausubiri. Njooni leo." Wanawake walifuta machozi. Hata mimi nililia, jamani. Nikasema moyoni kwamba nimeolewa na mtu mwenye utu.

Haukupita muda mama akaniita Misigiri. Nikawa namsugua mgongo, akaushika mkono wangu, akauweka ubavuni mwa titi. Kulikuwa na kitu kigumu, kama karanga ndani ya ganda lake.

Kumkubalisha aende kwa daktari hakukuwa kazi ndogo. Mwanamume mgeni amshike kifua, mtu mzima yule? Alikataa, akalia, akanikasirikia. Mwishowe akasema potelea mbali, anataka kuwaona wajukuu nitakaomzalia. Nikamweleza Kapteni yote. Akasema mama awe barabarani siku ya fainali itakayochezwa Singida, lori lingepita Misigiri asubuhi na nafasi yake ingekuwepo.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi msio wa huku. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani. Tangu niolewe, mama akimwona Kapteni kwa mbali alipinda akaingia kwenye mtama mpaka apite. Hakula mbele yake wala hakukalia kiti alichokalia. Hiyo ndiyo heshima tuliyokuta, na mama aliishika kuliko wote.

Asubuhi ile alivaa kanga mpya. Alibeba unga wa ulezi na kuku wa kuwapa watakaompokea mjini. Nilikuwa nimekuja mapema kumsindikiza. Lori likatokea, limejaa nyimbo, likasimama.

Wachezaji walikuwa wameshavaa kabisa, maana kampuni ilitaka waonekane njia nzima. Kapteni alikuwa mbele kabisa, pale pa wagonjwa, amekalia ubao wa juu kama bwana arusi, bukta fupi, mapaja nje! Mama aliinua uso mara moja tu. Akageuka, akachutama akitazama mtama, akajifunika kichwa.

"Mwanangu, nitapandaje?" akaniambia. "Mkwe wangu yuko uchi."

Kule juu wakaanza kucheka. Nikaenda kwa dereva kuomba mama akae mbele kwake, lakini kulikuwa na mwenyekiti wa timu na mkewe, hawakutaka hata kunisikia. Nikamwomba Kapteni ajifunike akae nyuma. Mama akasema hata hivyo hawezi, atasafirije njia nzima akigusana na pumzi za mkwe wake? Basi likabaki jambo moja tu. Lori la mizigo lilikuwa linakuja nyuma, dereva wetu mwenyewe alisema wamelipita pale Sekenke likipoza injini. Nikamwambia Kapteni ashuke asubiri hilo, yeye mzima akae juu ya magunia, mama mgonjwa apande hili.

Alinitazama kama nimemtukana.

"Nikishuka mimi, hilo lori likichelewa nani atacheza?" akasema. "Mama atasubiri safari nyingine."

Atasubiri! Mdomo uleule uliosema uvimbe hausubiri! Kitambaa cheupe kilikuwa mkononi mwake, nimekifua kwa mikono yangu. Dereva akapiga honi, lori likaondoka na nyimbo zake. Na hilo lori la mizigo je? Lilipita sisi bado tumekaa pale pale, kuku amefungwa miguu kwenye vumbi. Nikalisimamisha, mama hakutaka hata kuinuka. Alikuwa analia.

Kapteni alifunga bao, wakachukua kombe. Walirudi wamembeba mabegani.

Safari nyingine haikuwepo. Ligi ilikuwa imekwisha, na lori likaisha pamoja nayo. Nikataka tupande basi, mama akakataa katakata. Habari zake zilikuwa zimeshafika vilabu vyote vya pombe, watu wanamwiga anavyochutama. Alisema hatatoka tena barabarani achekwe. Mvua zikaja, njia ikakatika, na ile karanga ikakua... ikapasuka.

Nilimuuguza mwenyewe. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu, nikachoma majani chumbani kupunguza harufu. Njia ilipofunguka nilimfikisha kwa daktari kwa nguvu. Yule Mwingereza alimtazama, akavua miwani, akaniuliza tulikuwa wapi siku zote. Akaniambia nimrudishe nyumbani.

Kapteni alikuja kuuliza hali, akasimama nje kama desturi inavyotaka. Mama alikuwa hawezi hata kunywa uji. Lakini aliposikia sauti ya mkwe wake uani, alivuta kanga, akajifunika uso. Alikufa wiki hiyo. Heshima yake aliishika mpaka mwisho... na ya kwake yeye nani aliishika?

Msimu mpya ulipoanza wakubwa wa ligi wakaniita uwanjani nikabidhi kombe la mechi ya ufunguzi, kwa kuwa nimefiwa kwa ugonjwa ule. Kapteni akapanda mezani, akaeleza kwa sauti ya majonzi kwamba mama mkwe wake alikufa kwa kuficha uvimbe. Kwa kuficha! Nilimpokonya lile bomba.

"Mama yangu hakuficha. Alikuwa barabarani Misigiri, lori likasimama. Huyu hapa hakushuka."

Niliweka kombe chini kwenye vumbi, nikaenda kuchukua nguo zangu Shelui.

Wasomaji wenzangu, mnaweza kunilaumu kwamba nimemwaibisha mume mbele za watu. Laumuni. Mimi kila nikipita barabara ile namwona mama amechutama, na sina wa kumwambia pole. Wanawake, ukigusa kitu kigumu kifuani, nenda, hata wakikucheka. Kicheko kinapita, mimi nimekiona kikipita, mama ndiye hayupo.

Na nyinyi wanaume, fungeni vitambaa mnavyotaka, semeni juu ya meza mpaka sauti ikauke. Lakini siku ukimkuta mama mkwe wako kando ya njia, mgonjwa, kajifunika uso kwa ajili yako, usimwambie apande wala usimwambie asubiri. Shuka, baba. Shuka utembee kwa miguu.