Petali Isiyo na Damu

Anselme Gaudry, muuza samani za kale, alilala kifudifudi mbele ya kabati la droo, kisogo kimepasuka. Mkewe, Léonie, alikutwa kando yake na nyundo yenye damu. Tayari alikuwa amefungwa pingu.

"Niliiokota tu, jamani!"

"Wote huokota," Koplo Brisset alimdhihaki.

Inspekta Vasseur hakucheka. Roho haikumtulia. Hapa Paris muuaji hukatwa kichwa, na kichwa hakirudishwi.

Alipiga magoti mbele ya kabati. Mapambo ya maua yalipachikwa kwa vipande vyembamba vya mbao za rangi, hata unywele usingepenya. Damu ilikuwa imechirizika juu ya waridi, ikakatika kwenye petali moja, ikaendelea ng'ambo. Petali hiyo ilikuwa safi kabisa.

Akaibonyeza. Gundi ya ngozi, ile ya mafundi inayopashwa moto, ilichuruzika, bado laini.

"Ilibanduka kwa kishindo, ikarudishwa baadaye. Bibie, unajua kazi hii?"

"Mimi? Hata kifungo hunishinda. Anayejua ni Ba..."

Akaziba mdomo. Vasseur akageukia kiti cha pembeni.

Mzee Roubaud, baba yake Léonie, fundi wa samani aliyeitwa kumfariji bintiye, alikaa kwenye kiti akiifinyanga kofia yake.

"Mzee, nani aue mtu, kisha asimame kupasha gundi moto?"

"Mpumbavu."

"Au?"

"Au asiyeweza kuliacha kabati lake kibogoyo." Akaiweka kofia chini. "Mfungueni mwanangu. Inueni hilo bamba la marumaru lililo juu ya kabati."

Chini yake, pale mafundi wanapogonga majina yao, ubao ulikuwa umekwanguliwa na kugongwa jina la fundi aliyekufa zamani.

"Nililitengeneza kwa harusi ya Léonie. Mkwe akafuta jina langu ili aliuze kama la kale. Nikamwambia hilo ni la mwanangu. Akanicheka: 'Wewe mzee utakuwa na thamani ukishaoza.' Nyundo ya kazi ilikuwa mkononi mwangu, Inspekta. Nikampiga, nikaiangusha, nikakimbia."

"Baada ya kuibandika petali."

"Baada ya kuibandika."

Brisset alifungua pingu. Mzee alimnyooshea bintiye mkono. Léonie akarudi nyuma, akizisugua alama za chuma.

"Petali hukuweza kuiacha, Baba," alisema. "Mimi uliniangalia nikifungwa, ukanyamaza."