Mkate Wenye Majina Mawili

Mtaa wetu hapa Ostia huamshwa na harufu ya mkate wa Pupio. Kwa miaka sita, aliyekanda unga huo ni Sekundo, kijana wa jirani zangu Setio na Hostilia. Mimi nafua nguo za watu ng'ambo ya barabara, basi hakuna linalonipita.

Pupio alikuwa mzee, mgonjwa, hana mtoto. Alitaka kumwasili Sekundo, awe mwanawe kisheria, amwachie tanuri lake. Setio alikubali. Alikuwa na wana watatu na chumba kimoja. Kazi ilikuwa kwa mama mtu.

"Eti sheria inataka baba amuuze mwanawe kwa mizani mara tatu!" Hostilia alifoka. "Mara tatu! Hata mbuzi huuzwa mara moja!"

"Mama, ni desturi tu," Sekundo alisema.

"Nyamaza wewe! Kaa kwa Pupio, akuite 'mwanangu', inatosha. Mizani ya nini?"

Alikuwa amekalia sanduku lenye nguo nyeupe ya kijana, ile ya kwendea kwa hakimu. Habanduki. Nikaona yatakuwa makubwa, nikamwita Epafra, karani wa mahakama, anayekaa ghorofa ya juu.

Epafra hakumbembeleza. "Bila mizani, Sekundo ni mfanyakazi tu. Pupio akifa, yule mpwa wake mlevi atamfukuza siku hiyo hiyo."

"Na nikikubali, nimempoteza!"

"Haya, niambie. Kaisari wetu Antonino ni mwana wa nani?"

"Wa Hadriano. Nani asiyejua?"

"Hakumzaa! Alimwasili, mtu mzima na ndevu zake. Hadriano naye aliasiliwa na Trajano, na Trajano na Nerva. Walichagua mtu anayefaa. Nasi si tunalala kwa amani?"

Hostilia aliguna.

"Hadriano alipokufa, wakubwa walikataa kumpa heshima. Nani aliwakazania mpaka wakakubali? Huyo huyo asiye wa damu yake. Mtu wa ajabu yule! Na jina la kwao, Antonino, hakulitupa. Analo mpaka leo."

"Kwa hiyo jina halipotei?" Hostilia aliuliza polepole.

"Halipotei. Sekundo ataitwa Pupio Setiano. Setio wenu yumo humo."

Hostilia akainuka kwenye sanduku.

Tukaenda kwa hakimu. Mimi nilikuwa mmoja wa mashahidi watano. Rafiki yetu mmoja akagonga mizani kwa kipande cha shaba, kama mnunuzi, kisha akamwacha kijana huru, akarudi kwa baba yake. Mara ya pili, vilevile. Baada ya mara ya tatu Pupio akasema, "Huyu ni mwanangu." Hakimu akamtazama Setio. Hapo baba anatakiwa kunyamaza, ndiyo kukubali kwake. Setio alinyamaza, machozi yanamtoka. Hostilia aliuma shela yake asipige kelele. Nami nililia, sioni haya kusema.

Wakati wa baridi Pupio alifariki. Mpwa akaja mbio kufunga duka. Sekundo akamwonyesha kibao cha hakimu chenye mihuri yetu mashahidi. Mpwa akasoma, akatukana, akaenda zake.

Kesho yake Sekundo alimletea mama yake mkate wa moto uliopigwa muhuri wa jina lake jipya. Hostilia hajui kusoma. Kijana akamshika kidole, akakipitisha juu ya herufi.

"Hili ni la Pupio."

"Na hili?"

"Letu, mama."

Mkate tuliula sote. Lakini kipande chenye jina lao Hostilia hakumgawia mtu. Amekitia sandukuni, juu ya ile nguo nyeupe.