Balbu Kali za Rafiki Yangu

Hii ilimpata rafiki yangu, dereva teksi. Naongeza chumvi kila siku, lakini hapa sijatia hata punje. Gari lake lilizidi babu yangu kwa uzee, na taa zake nzi angezipuliza zikazimika. Mkewe akashikwa uchungu, akawa kwenye kiti cha nyuma anaguna, na njia ya hospitali giza tupu. Basi rafiki yangu akafunga mlango wa gereji, akaweka balbu kali, akamulika ukuta ili shemeji yake achore kwa chaki mwanga unapopiga, apate kuzilenga taa sawasawa.

“Shemeji, toka!” rafiki yangu akafoka. “Kichwa chako kama ngoma kinaziba taa!”

“Niko huku nyuma na dada, shemeji. Chaki nimeiacha chini, kando ya ukuta.”

Kivuli cha kichwa ukutani hakikusogea. Rafiki yangu akazima taa. Gizani chaki ikaanza kukwaruza ukuta. Mkewe akaacha kuguna. Chaki haikuacha.