Abiria wa Pikipiki ya Mwisho

Haya yalimpata rafiki yangu Muasya, mwendesha bodaboda wa Kariobangi, na hadi leo akiyasimulia hukunja uso.

Jioni moja yeye na wenzake watatu walikuwa wakienda Tassia kumwona mwenzao aliyevunjika mguu. Walienda kwa mstari, kila mmoja akimchunga wa nyuma yake kwa kioo. Muasya alikuwa wa mwisho, na hakubeba mtu.

Mvua ilinyesha, stima zikapotea, barabara ikawa giza tupu. Hapo ndipo pikipiki ilipolemewa nyuma. Akasikia mtu anakoroma karibu na shingo yake, mkoromo mzito wenye makohozi, na harufu ya nyama iliyooza ikamwingia ndani ya helmeti. Aliogopa kugeuka asije akawapoteza wenzake, basi akakaza macho kwenye taa nyekundu ya Nuradin, aliyekuwa mbele yake.

Walipofika, Nuradin alimjia amekasirika. "Mbona umemwacha abiria wako alale? Kila gari likitumulika namwona kwa kioo, amekulalia begani. Je, angeanguka?"

"Abiria gani?"

Nuradin akatazama kiti kitupu. Kisha akammulika mgongoni kwa simu, akaziba pua.

Koti lote lilikuwa limelowa maji baridi ya mvua. Lakini begani palitapakaa udenda mzito, bado una uvuguvugu, na ndani yake punje za wali uliotafunwa nusu.