Subilaga na Anga Jeupe

Haya, sogeeni. Mwenye miguu mirefu aikunje, mwenzake apate pa kukaa.

Subilaga ana miaka sita. Anakaa Rungwe, mlimani, kwenye migomba na chai na baridi.

Kila asubuhi ukungu hushuka mpaka mlangoni. Fuuu... Migomba haionekani. Jogoo wa jirani haonekani, anasikika tu. Kokorikoo!

Siku moja Mwalimu Chilewa aliingia darasani. Alikuwa mgeni, ametoka Dodoma kwenye jua kali. Meno yalimgongana kwa baridi. Kakakaka!

"Leo tunajifunza neno la Kiingereza," alisema. "Anga, kwa Kiingereza, ni skai. Semeni skai!"

"Skaaai!"

"Sasa kila mtu achore skai. Picha nitazibandika ukutani. Ijumaa wazazi watakuja kuziona."

Subilaga alifurahi. Mama angekuja! Akatazama dirishani alione anga. Weupe mtupu.

Akajikuna kichwa, kwaru-kwaru.
"Sasa anga liko wapi?"

Wenzake walishika kalamu ya bluu, kama kwenye kitabu. Subilaga akatazama dirisha. Jeupe. Akatazama karatasi. Nyeupe. Basi, akaandika jina lake chini, akampelekea mwalimu.

Mwalimu akaigeuza karatasi mbele. Akaigeuza nyuma.

"Subilaga, mbona hujachora?"

"Nimechora, Mwalimu."

"Umechora nini?"

"Skai."

Darasa zima likacheka. Kwakwakwa! Karatasi ya Subilaga haikubandikwa.

Machozi yakamlengalenga. Mama atakuja kutazama nini?

Akajikuna kichwa, kwaru-kwaru.
"Sasa anga liko wapi?"

Mwalimu akamwonea huruma. Akachuchumaa karibu yake.

"Usilie, mama. Hili neno skai limetoka mbali. Zamani sana, watu wa nchi za baridi huko ng'ambo walilisema wakitaka kusema wingu. Waingereza wakalichukua. Polepole likawa jina la anga lote, kule juuu kwenye mawingu."

Wingu? Subilaga alizidi kuchanganyikiwa. Kwao kila mtu anajua, ukungu ni wingu lililoshuka kutembea.

"Lakini Mwalimu, wingu haliko juu. Liko mlangoni."

Mwalimu naye akajikuna kichwa, kwaru-kwaru.
"Mlangoni?"

"Njoo uone."

Wakatoka. Hatua moja. Mbili. Tatu. Fuuu...

Mwalimu akageuka. Shule haipo! Bendera haipo! Akainama. Hata viatu vyake havipo!

"Subilaga! Uko wapi?"

"Niko hapa, Mwalimu. Nipe mkono."

Mkono mkubwa ukashika mkono mdogo. Matone madogo yakakaa kwenye nyusi za mwalimu. Akatoa ulimi, akayaonja.

"Kumbe!" alinong'ona. "Tuko ndani yake."

"Ndiyo, Mwalimu. Ni jeupe."

"Jeupe kabisa. Nisamehe, Subilaga. Mimi mgeni, na mgeni hufundishwa."

Wakarudi darasani, Subilaga mbele, mwalimu nyuma. Mwalimu akachukua gundi. Pa! Karatasi nyeupe ikakaa katikati ya zile za bluu.

Ijumaa Mama alikuja. Alipita picha ya bluu. Akapita nyingine ya bluu. Mbele ya ile nyeupe akasimama. Alisimama sana, mpaka Subilaga akaogopa.

"Hapa ni kwetu," Mama alisema. "Asubuhi, kabla sijawasha moto."

Subilaga alifurahi mpaka akaruka. Ruka! Ruka!

Wakati wa kurudi nyumbani, jua likatoka. Ukungu ukapanda, ukapanda, ukaisha. Anga likabaki bluu, bluu, bluu.

Subilaga akasimama njiani. Akajikuna kichwa, kwaru-kwaru.
"Mama, nani amelipaka rangi?"

Mama akacheka tu, akamvuta mkono.

Giza likaingia. Subilaga akaoga, akala ndizi, akapanda kitandani. Kabla ya kujifunika akachungulia dirishani. Anga lilikuwa jeusi, limejaa nyota.

"Mama! Mama! Kwani anga moja linataka karatasi ngapi?"

"Nyingi, mwanangu," Mama alisema, akifunga dirisha. "Lala kwanza."